Shemeji, Hasira za Petro Kweli Zimetoka Kwetu

Shemeji Dominiki,

Ulishinda. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana nakujua: ukiona mwandiko wangu utasema huyu amekuja kubisha tena. Sikuja kubisha. Miaka yote ile ulikaa hapa Gendabi mlangoni pako ukimtazama mwanao Petro akipiga ndoo teke, akivunja mpini wa jembe kwa sababu jembe limegonga jiwe, na kila mara ulinigeukia ukasema, "Shemeji, hizi si zangu. Hizi zimetoka kwenu." Na mimi nikaapa kwa jina la bibi yangu wa Mbulu kwamba ukoo wetu ni watu wapole kama kondoo wa Krismasi. Basi, ulishinda. Zimetoka kwetu. Imethibitishwa na wataalamu wa dunia nzima.

Petro amesoma hapo juu na ananikataza kuandika "imethibitishwa". Anasema niandike "huenda". Haya, huenda. Lakini mimi na wewe tunajua.

Sasa salamu. Dada yangu, mkeo Theresia, ni mzima, analima, bado anaimba kwa sauti ile ya kufukuza ndege. Ng'ombe wako mwekundu amezaa tena. Mkoa wetu umekatwa kutoka Arusha, sasa tunaitwa Manyara na makao makuu yako Babati. Watu wanasema ni mambo ya serikali, lakini wewe ni shahidi kwamba mimi nilishalisema hilo kilabuni zamani, na afisa mmoja alikuwa meza ya pili akinisikiliza. Mbaazi sasa wanunuzi wanazifuata shambani na malori yao, tunagombana nao bei papo hapo, hakuna kusubiri ushirika. Na simu zimefika. Ukitaka mtandao unapanda kile kichuguu cha nyuma ya kanisa, na ukikuta mtu juu unapanga foleni. Mimi sipangi, wananipisha.

Lakini habari kubwa ni ya Petro, na nisipoiandika yote leo nitapasuka.

Unajua ulimwacha akiwa kidato cha nne. Alifaulu. Sasa yuko chuo cha uganga, anajifunza kutibu watu, na amepata mchumba, binti wa Balangdalalu anaitwa Veronika, mwalimu wa shule ya msingi. Msichana ana macho ya kukuuliza swali hata akiwa amenyamaza. Barua ya posa tuliipeleka, ikapokelewa, tukapangiwa siku ya kwenda kuzungumza. Mdogo wako Mateo akakubali kukaa mahali pako kama baba, na mimi, bila hata kuulizwa, nikawa msemaji. Nani mwingine angekuwa? Mateo akisimama mbele za watu anasema "Tumsifu" halafu anakaa.

Basi Petro akaja likizo, na siku zilipokaribia akamwambia mama yake haendi. Hataki kuoa. Si Veronika tu, hataki kuoa kabisa. Dada akanijia Katesh mnadani ananitafuta kati ya mbuzi, kanga imemwanguka begani, anasema, "Njoo uongee na mwanao, mimi amenishinda." Na hapo nilikuwa nimelishika dume la ng'ombe pembe kwa mkono mmoja, dume ambalo wanaume wa Singida walikuwa wamelikimbia, nikaliachia likaondoka lenyewe kwa adabu.

Nilimkuta Petro shambani anapalilia mbaazi peke yake. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Nikamuuliza msichana amemkosea nini. Akasema hajamkosea kitu, na ndiyo maana hataki kumwoa.

Shemeji, nikamwambia akae chini, akakaa kwenye tuta, na akanieleza jambo ambalo nakueleza na wewe kama nilivyolielewa, na nililielewa vizuri, maana darasa la sita nililoacha lilikuwa darasa la sita la zamani.

Anasema ndani ya mwili wa mtu kuna maagizo, yanaitwa jeni, tunayarithi kwa baba na mama. Kuna jeni moja, kazi yake ni kuagiza mwili utengeneze kitu cha kusafisha kemikali za ubongo. Hizo kemikali ndizo zinazopitisha habari za furaha, za woga, za hasira, kutoka sehemu moja ya ubongo kwenda nyingine. Zikishafanya kazi inabidi ziondolewe. Sasa kuna watu jeni yao inaagiza vizuri, usafi unafanyika. Na kuna watu jeni yao ni bahili, inaagiza kidogo, kemikali zinabaki zimejaa. Nikamwambia, kama zizi ambalo mtu anachelewa kuzoa samadi. Akasema, "Karibu hivyo, mjomba." Mtu wa namna hiyo akichokozwa, huenda akawaka upesi kuliko wenzake, na kupoa kwake kukawa shida. Huenda, anasema. Kila sentensi aliweka huenda, kama anayetembea kwenye tope.

Halafu akasema neno lililoniinua pale chini. Jeni hiyo mwanamume anayo moja tu, na anaipata kwa mama yake. Baba hampi mwanawe wa kiume hata chembe yake.

Niliruka tuta. Nilisema, yaani imepita kwa dada? Imetoka kwa bibi yangu wa Mbulu, ikaja kwa mama, ikagawanywa kwetu, ikapita kwa Theresia, ikafika kwako? Hata Dominiki hakuwa nayo ya kukupa? Akasema kama ipo, basi ni hivyo. Shemeji, nilijisikia kama nimeambiwa nina ng'ombe wengine ambao sikujua wanachungwa wapi. Nilianza kuhesabu na vidole nani katika ukoo anayo. Nikakumbuka wanangu wenyewe, wale vijana wangu wapole wanaoomba radhi hata kwa kuku, nikaelewa: mimi siwezi kuwapa, mama yao katoka ukoo wa watu baridi. Wangu ni binti tu ndiye anayeweza kuibeba. Na kweli Paskalina ukimgusa kitambaa chake utajua.

"Mjomba," Petro akasema, "sikukuambia ili ufurahi."

Nikamuuliza, kwani nani amekupima? Akasema hakuna, kipimo hicho huku kwetu hakipo. Sasa umejuaje unayo? Akachomoa gugu, akalipukutisha udongo polepole.

"Nilimkumbuka mjomba Safari," akasema.

Hapo shemeji nilikaa.

Maana Safari. Wewe ulimjua, ulimbeba mara ngapi kutoka kilabuni. Ndugu yangu wa tumbo moja, mkubwa wangu, aliyevunja mlango kwa kichwa. Mkewe aliyerudi kwao na mkono umefungwa kwenye shingo kwa kitenge. Tulisema amelaaniwa. Tulisema amelishwa kitu. Alikufa hatuongei, na mimi msemaji wa watu wote sikupata la kusema kaburini kwake, nilirusha udongo nikaondoka. Petro alikuwa mdogo lakini aliona. Na tangu asome ile jeni, kila akikasirika anamwona Safari anakuja. Anasema hawezi kumleta binti wa watu ndani ya nyumba halafu siku moja awe Safari.

Nikamuuliza, hao watu wote wenye jeni hiyo wanaishia kama Safari? Akainamisha kichwa kama mtu aliyeficha nyama shavuni.

"Hapana," akasema. "Wanasema wengi walioharibika ni wale walioteswa utotoni. Waliolelewa kwa utulivu, wengi wanaishi kama watu wengine."

Nikamwambia rudia hapo. Akarudia.

Sasa sikiliza, Dominiki, maana ndipo nilipotaka kukukimbilia huko makaburini mchana ule ule nikuamshe. Safari ndiye aliyelelewa na baba yetu. Ulisikia tu habari, mimi niliona. Alikuwa anafungwa kwenye nguzo ya zizi na kuchapwa kwa kamba ya kufungia ndama, kwa kosa la kumwaga maziwa, kwa kosa la kutazama vibaya. Mimi niliponea kwa sababu nilipelekwa Mbulu kuishi na bibi, na bibi hakuwahi kunipiga, alinisimulia hadithi mpaka nikasahau nilichokasirikia. Damu moja, mama mmoja. Yeye akapata kamba, mimi nikapata hadithi. Angalia kila mmoja alivyokuwa.

Na Petro alikupata wewe.

Nilikucheka sana, unakumbuka. Kila alipowaka hukumgusa. Ulimpa kibuyu ukamwambia, "Nenda kisimani ukanywe maji, halafu urudi kwa njia ya juu." Njia ya juu, ambayo mbuzi wenyewe wanaikwepa, inazunguka mlima mpaka mtu anasahau alikotoka. Nilikuambia unalea mtoto kama yai, siku moja litakupasukia mkononi. Ukasema, "Shemeji, sina haraka naye." Akirudi amechoka, uso umelowa jasho, unampa viazi hamzungumzi habari ya ndoo. Nilidhani huna la kumwambia. Kumbe, shemeji... Wewe uliyekuwa hujui jeni ni mdudu au ni mmea, ulikuwa unazoa zizi lile kila siku kwa miguu ya mtoto mwenyewe.

Hayo yote sikumwambia Petro. Nikamwambia tu, mtu hakatai mchumba kwa kutuma salamu. Twende Balangdalalu, ukawaambie mwenyewe kwa mdomo wako, tuondoke kwa heshima. Akakubali. Yeye alikwenda kuaga. Mimi nilikwenda kumwozesha. Tukapanda lori moja, kila mtu na nia yake.

Walitukaribisha vizuri. Nyumba ya bati, uwanja umefagiwa, wazee wao wamekaa upande ule na sisi upande huu, na katikati ya wanawake amekaa shangazi wa binti, anaitwa Martina, mama mnene mwenye kicheko kilichofungwa mdomoni. Nikamtazama nikasema uso huu nimeuona wapi. Sikuendelea kuwaza maana nilipewa nafasi ya kusema, na mimi nikipewa nafasi siirudishi.

Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nikawaambia: wazee wangu, hapa kwetu mtu akitafuta maksai wa kuvuta plau haulizi rangi, anauliza mama yake ni wa aina gani. Na anayejua maksai hachagui mwana wa ng'ombe mpole, anachagua mwana wa ng'ombe mkali, maana ndiye atakayevuta mpaka jioni. Sasa sisi ujombani kwa kijana huyu tuna jeni. Wazungu wameitafuta kwa darubini, sisi tunayo bure, tangu Mbulu. Ni jeni ya moto. Kijana huyu mkimfunga nira atalima mpaka Singida.

Mateo akafumba macho. Na Martina akasema, bila kuinua sauti, "Na nira ina maksai wawili, baba. Huyo wa pili ndiye binti yetu?"

Shemeji, walicheka mpaka kuku wakatoka uani. Nilicheka na mimi, nifanyeje. Nimetazamana na fisi wa Hanang uso kwa uso akageuka yeye, lakini mwanamke yule alinimaliza kwa swali moja.

Kicheko kilipopungua Petro akasimama. Akawasalimia wote shikamoo kwa taratibu, akavua kofia. Akawaambia wasimlaumu mjomba, amesema hayo kwa kumpenda. Akaeleza ile jeni kwa maneno yake, akaweka huenda zake zote. Akawaambia habari za Safari bila kuficha, hata ule mkono uliofungwa kitenge. Halafu akasema, "Siogopi kazi wala umaskini. Ninajiogopa mimi. Ndiyo maana nimekuja kurudisha neno langu mwenyewe, nisiwaachie wengine waseme."

Nilisikia ng'ombe akitafuna nje. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha.

Martina akasogeza kiti chake. Akamuuliza, "Umemaliza?" Akasema ndiyo. "Sasa keti nikuambie habari zako, maana naona huzijui."

Kumbe walishakuja Gendabi. Kabla hawajaijibu barua yetu, kama watu wanavyofanya, walimtuma yeye mwenyewe, akajifanya anatafuta mtamba wa kununua. Alipita nyumba kwa nyumba. Alikunywa chai kwa katekista. Na Mungu nisamehe, alinikuta na mimi chini kwenye daraja, nikamweleza habari za ndama niliyembeba mabegani kutoka Katesh kwenye mvua ya mawe, nikamwambia tuna kijana nyumbani mkali kama mimi. "Huyu mjomba wake," akawaambia wazee akininyooshea kidole, "alinimalizia saa za watu, na mtamba hakunionyesha." Wakacheka tena. Nimekuwa mtu mashuhuri Balangdalalu.

Lakini mahali alipokaa sana ni kwa mzee Gidamis, jirani yako mfugaji, yule wa boma la ng'ambo ya mpaka wako. Naye akamwambia jambo ambalo sisi hatukuwa nalo, hata Theresia hakulijua.

Mwaka uliofuata msiba wako, mahindi yalipokuwa yanatoa mbelewele, ng'ombe wa Gidamis waliingia shambani kwako. Walikula upande mzima. Petro alikuja na fimbo, ile nene ya mgunga. Gidamis alisema alimwona kijana macho yamebadilika, na yeye mwenyewe akashika rungu lake sawasawa, akajua leo kuna mtu atalala chini. Petro akafika mbele yake. Akainua fimbo. Halafu akaichomeka ardhini kwa nguvu zake zote, ikasimama, akageuka akaondoka. Gidamis akabaki anaitazama fimbo. Jua lilikuwa limeshageuka Petro aliporudi, anatokea huko juu mlimani, shati limelowa. Akasema, "Mzee, shikamoo. Njoo tuangalie mahindi pamoja." Wakapita mstari kwa mstari, wakaelewana, na kiangazi Gidamis akamlipia kwa ndama. Yule ndama tulidhani Petro amempata kwa kibarua.

Petro akasimama tena, akasema, "Lakini nilitaka kumpiga. Niliishika kumpiga."

Martina akasema, "Mwanangu, kushika hakuna asiyeshika. Mimi nilitumwa kuuliza uliiweka wapi."

Akamgeukia kaka yake, baba wa binti, akamwambia Gidamis alisema hivi: kijana huyo nimpe hata mbuzi wangu achunge, na ile fimbo aliyoiacha naitumia mpaka leo, ni nzuri.

Bado Petro alikuwa amesimama kama mtu aliyefika kwenye mlango asiujue wa nani. Ndipo Veronika akaingia na maziwa. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka jikoni, jikoni kwao kuko pale pale. Akaweka kibuyu chini, akamwambia mbele ya wazee, kwa sauti ya darasani: "Wewe ukikasirika unakwenda kutembea, unarudi. Mimi nikikasirika nanuna mpaka Jumapili nyingine, muulizeni mama. Hiyo jeni yangu mtaipima lini?"

Mama yake akasema, "Mpaka Jumapili ya tatu."

Nikamwona Petro anacheka. Dominiki, alicheka kwa kicheko chako, kile cha puani. Hicho najua si chetu. Akakaa. Akapokea maziwa, akanywa, akampa Mateo, na Mateo akasema kwa mara ya kwanza sentensi ndefu, akasema, "Basi tuzungumze habari ya siku."

Siku imepangwa, baada ya mavuno. Njiani kurudi nilimwacha Petro na mawazo yake, nikajua anatembea kichwani. Tulipokaribia Katesh akaniuliza, "Mjomba, baba alijua?" Nikamwambia kuhusu jeni hapana, kuhusu wewe ndiyo. Sikuongeza chumvi, na sijui kwa nini.

Sasa ahadi yangu. Siku ya harusi, mjomba anapewa nafasi ya kusema, na watu wanajua nitasema habari za fisi na za dume la mnadani. Wameshaanza kutayarisha vicheko. Sitazisema. Nitasimama mbele ya watu wa Gendabi na Balangdalalu, na Theresia akiwa amekaa mbele, niseme kwamba kwa miaka yote nilikubishia, na kwamba moto wa kijana huyu ni wa ukoo wetu, nami siuonei haya, lakini mkono ulioulea ulikuwa wako na hakuna kijana mwingine hapa aliyepata baba wa namna ile. Nitamtaja na Safari kwa jina, kwa upole, ili na yeye apate la kusemewa. Halafu nitakaa. Nikizidisha neno moja, mruhusu Martina anipige kijiko.

Pumzika, shemeji. Dada ameweka chai na Petro ananiita tukamtazame yule ndama wa Gidamis, amekuwa dume sasa, wanataka kujua kama atafaa nira. Mimi ndiye wa kuulizwa hapa Hanang nzima.

Mshindani wako uliyemshinda,
Fabiano